Kuweka taka za plastiki kwenye lami: namna ya kuanza na kipande cha mita 100 hapa Dodoma

Watu wengi wakisikia plastiki kwenye barabara wanawaza unakusanya chupa, unaziyeyusha kwenye pipa kwa kuni, unamwaga, basi. Hapana jamani. Ukifanya hivyo utavuta moshi wa sumu wewe na majirani zako na barabara yenyewe haitamaliza hata msimu. Njia inayofanya kazi ipo, inajulikana, na sio ya kichawi. Profesa Rajagopalan Vasudevan wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar kule Madurai, kusini mwa India, ndo aliyeifanya ijulikane mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mtaa wa Jambulingam kule Chennai ukajengwa hivyo, mji wa pwani wenye joto na unyevu kama Dar na mvua za monsuni juu yake. Mwaka 2013 India wakatoa mwongozo rasmi wa kiufundi na 2015 serikali yao ikaagiza itumike kwenye barabara za karibu na miji mikubwa. Kwahiyo hatuanzi sifuri, ila tunatakiwa tuipime kwa mawe yetu, udongo wetu na mvua zetu.

Nimeandika hii kwa vikundi vya vijana na akina mama wanaokusanya plastiki, mafundi na wakandarasi wadogo wa lami, na madiwani ambao wanataka kuanzisha kitu kwenye kata zao lakini hawajui waanzie wapi.

Kwanza uelewe plastiki inafanya nini mle ndani, maana ukishaelewa hili hatua zote za mbele zinajieleza. Chukua shimo jipya la barabarani baada ya mvua za mwezi wa pili, inama, okota kokoto iliyong'oka. Itazame vizuri. Mara nyingi utakuta upande mmoja ni mweupe kabisa, safi, utadhani haijawahi kuguswa na lami. Hiyo ndo stori yote ya mashimo yetu. Kokoto za huku kwetu nyingi ni za granaiti, haya mawe makubwa unayoyaona vilimani kila ukitoka nje ya mji, ni magumu vizuri lakini yanashikana na maji kuliko yanavyoshikana na lami. Maji yakipata upenyo yanaingia katikati ya jiwe na lami, tairi la fuso likipita juu linayasukuma kwa presha, lami inabanduka kidogo kidogo, kesho jiwe linatoka, keshokutwa shimo. Sasa plastiki laini ikirushwa juu ya kokoto ya moto inayeyuka na kuacha utando mwembamba juu ya jiwe, inaziba vitundu vidogo, na lami ikija juu inashikana na ule utando vizuri sana kwasababu zote mbili asili yake ni mafuta. Maji yanakosa pa kuingilia. Faida ya pili ni kwamba lami inakuwa ngumu zaidi kwenye jua, haikanyagiki kirahisi na matairi ikaacha mifereji.

Hiyo njia inaitwa njia kavu, plastiki inawekwa kwenye kokoto kabla ya lami. Kuna njia nyingine ya kuyeyushia plastiki ndani ya lami yenyewe, lakini inahitaji mashine ya kukoroga kwa nguvu sana na ukiiacha tu plastiki inajitenga inapanda juu, maana ni nyepesi kuliko lami. Kwa mazingira yetu mi naona tuachane nayo kwa sasa.

Hatua ya 1: anza na maji na udongo, sio na plastiki

Hapa ndo watu wanapaparuka. Plastiki inalinda jiwe, hailindi besi (lile tabaka lililoshindiliwa chini ya lami) wala udongo wa chini. Kama mtaro haupo, au upo lakini umejaa mchanga, maji yatakaa pembeni, yatalowesha besi, na lami yako itapasuka iwe na plastiki au isiwe nayo.

Dodoma tunapata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, kidogo ukilinganisha na Ifakara au Tanga au Bukoba, lakini zetu zinashuka kwa miezi michache, Desemba mpaka Machi au Aprili hivi, na zinashuka kwa fujo. Saa moja ya mvua na korongo lililokuwa kavu mwaka mzima linabeba mchanga na matawi mpaka barabarani. Kwahiyo kipande chako cha majaribio hakikisha kina mtaro wenye pa kumwagia maji, kalavati liko wazi, na mgongo wa barabara una mwinamo wa asilimia 2 na nusu hivi kwenda pembeni, maji yasisimame juu.

Halafu udongo. Sehemu za mbugani kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, masika unavimba. Usifanyie jaribio lako hapo. Lami yenye plastiki ni ngumu zaidi ya ile ya kawaida, na kitu kigumu juu ya udongo unaocheza kinapasuka. Tafuta sehemu ya udongo mwekundu au ya changarawe yenye besi iliyoshindiliwa vizuri. Kwa wale wa Morogoro, Kilombero, Pwani na Kagera ambako unyevu ni mwingi kuliko huku, hatua hii ndo muhimu mara mbili, na kokoto zenu inabidi zifunikwe kwenye stoki maana jiwe lenye unyevu ndani ukilipasha haraka linakauka juu tu, ukishalivika plastiki yale maji yanabaki yamefungiwa humo.

Na kitu kingine, hii ni kwa lami ya moto ya kuchanganywa planti, yaani kwenye mtambo wa kupashia kokoto na kuichanganya na lami. Barabara nyingi za mitaa zinazojengwa kwa kumwaga lami kwanza alafu kokoto juu yake haziingii kwenye mwongozo huu.

Hatua ya 2: ruhusa

Barabara ya mtaa iko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Huwezi kuamka tu ukaweka plastiki kwenye barabara ya umma, hata kama ni mtaani kwako na una nia njema. Andika barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ambatanisha mchoro wa kipande, majibu ya maabara (hatua ya 6) na jina la mhandisi aliyesajiliwa ambaye atasimamia. Upande wa taka ongea na idara ya usafi na mazingira ya jiji au halmashauri, na uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama eneo lenu la kuchambulia linahitaji kibali.

Ushauri wangu, kipande cha kwanza kabisa kiwe ndani ya uzio, maegesho ya magari ya kanisa, yadi ya malori, barabara ya ndani ya chuo. Mwenye eneo anakubali, magari yanapita kila siku, na kikiharibika hujamharibia mtu njia ya kwenda hospitali.

Hatua ya 3: piga hesabu ya plastiki

Tuchukue barabara ya upana wa mita 6, unene wa lami sentimita 5, urefu mita 100. Hizo ni mita za ujazo 30. Lami ikishashindiliwa mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2.35 hivi, kwahiyo ni kama tani 70 za mchanganyiko. Lami yenyewe, ile nyeusi ya pipa, tuseme ni asilimia 5 ya huo uzito, ni tani 3.5. Mwongozo wa India unasema plastiki iwe asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa lami, sio ya uzito wa kokoto, hapa wengi wanachanganya. Ukichukua 8 unapata kilo 280. Ukichukua 6 ni kilo 210.

Mi kwa Dodoma ningeanza na 6. Tuna jua kali mchana lakini Juni na Julai usiku baridi inauma, na udongo wetu nimeshasema, sitaki lami iwe ngumu kupita kiasi. Kwa Tanga au Dar ambako usiku na mchana joto halipishani sana, 8 inaweza kukaa vizuri, lakini maabara ndo iseme.

Kilo 210 inasikika ndogo. Sio ndogo. Nailoni ni nyepesi mno, utajaza gunia mpaka juu ukilinyanyua utadhani umebeba pamba. Anzeni kukusanya mapema, na msije mkakubali presha ya mkandarasi anayetaka kumwaga wiki ijayo.

Na kuhusu pesa niseme ukweli. Kwa mita 100 unaokoa kilo 210 mpaka 280 za lami, na hiyo hela yote au karibu yote itaenda kwenye kukusanya, kuchambua na kukata. Anayewaambia kwamba barabara ya plastiki ni ya bei rahisi sana siku ya kujenga anawauzia ndoto. Faida mnaitafuta kwenye viraka ambavyo hamtaviziba miaka inayofuata.

Hatua ya 4: kukusanya na kuchambua

Hii ndo kazi kubwa kuliko zote na ndo inayoamua kama mradi utakuwa mzuri au utawaua watu mapafu. Chukueni muda hapa.

Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku taka zetu zimebadilika, zile rambo hazipo kama zamani. Lakini nailoni bado ipo nyingi ukijua pa kuitafuta. Zile nailoni ngumu zinazofunga katoni za maji na soda, kila duka la jumla linazitupa. Nailoni za kufunikia magodoro na vitu vya ndani. Madumu ya mafuta ya kula, chupa za sabuni na dawa za kufulia, vizibo. Mipira ya umwagiliaji wa matone iliyochakaa kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mvumi, hiyo nayo mara nyingi ni aina hiyohiyo, ila ina mchanga ndani kwahiyo ipasuliwe. Na viroba, vile vya nafaka vya kusokotwa, ukienda soko la mahindi Kibaigwa vilivyochanika viko vingi.

Angalia namba kwenye ile pembetatu ndogo chini ya kifaa. Namba 2 na 4 ndo tunazotaka, 4 ni nailoni laini na inayeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, 2 ni ya madumu, inayeyuka kwenye 130 hivi. Namba 5, ambayo ndo viroba na baadhi ya ndoo, inayeyuka karibu na nyuzi 160 mpaka 165, iko ukingoni kabisa mwa joto letu la kazi (nyuzi 165 mpaka 170, hatua ya 7), kwahiyo iwe sehemu ndogo tu ya mchanganyiko.

Namba 1, chupa za maji, hapana. Zinahitaji nyuzi 250 kuyeyuka na sisi hatufiki huko, zitabaki vipande vikavu ndani ya lami. Na chupa zina soko lake tayari, wauzeni wanaonunua.

Namba 3 ni hapana kubwa. Hiyo ni PVC, ikipata moto inatoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, na inakula vyuma vya planti. Shida ni kwamba PVC nyingi haina namba. Mabomba ya maji taka ya kijivu, ngozi za nyaya za umeme, vitambaa vya meza vya plastiki, kapeti za plastiki, na yale mabango makubwa ya matangazo yanayotundikwa barabarani. Mabango ndo hatari zaidi maana yanaonekana kama turubai zuri, na kijana akiyaona anafurahi kwamba amepata kilo nyingi kwa mkupuo.

Kwa kisicho na namba kuna vipimo viwili vya bei ya bure. Cha kwanza ni ndoo ya maji. Kata kipande kidogo, kizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke, kiachie. Namba 2, 4 na 5 zinaelea. Namba 1 na 3 zinazama. Kinachozama kitupe pembeni usibishane nacho. Kile cheupe chepesi cha povu cha kufungia chakula kinaelea pia lakini kinajulikana kwa macho, kitoe.

Cha pili ni waya wa shaba. Chukua kipande cha waya mnene, ushike kwa koleo, upashe kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi nyingine, kisha ugusishe kwenye plastiki ili kidogo ishike, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kama cha jani, hapo kuna klorini, hiyo ni PVC. Fanya nje, simama upande upepo unakotokea, na huna haja ya kurudia kwa kila kipande, ni kwa kile unachokitilia shaka tu.

Pakiti za krispi na biskuti zenye rangi ya fedha kwa ndani ziacheni kwenye jaribio la kwanza, zina tabaka nyingi za vitu tofauti. Makopo ya viuatilifu na vifaa vya hospitali hata msivifungue.

Mlipeni anayechambua kuliko anayeokota. Kilo ya nailoni iliyochambuliwa, safi, iwe na bei yake tofauti na ya mchanganyiko, hapo utaona watu wenyewe wanaanza kutenganisha kutoka nyumbani. Glovu na barakoa sio hiari.

Hatua ya 5: kuosha, kukausha, kukata

Uchafu usizidi asilimia 1. Mabaki ya mafuta kwenye madumu yatolewe kwa sabuni, mchanga utoke. Maji mliyooshea msiyamwage korongoni, chimbeni shimo la kuchujia.

Kukausha hapa tumebarikiwa, jua la Agosti likipiga saa mbili tatu nailoni imekauka. Ila tuna upepo, na upepo wa Dodoma unakuja na vumbi lake jekundu, unaosha asubuhi mchana imeshakuwa nyekundu tena. Kausheni juu ya wavu ulionyanyuliwa, pembeni weka kizuizi, usitandaze chini. Kwa wenzetu wa maeneo ya unyevu, maji yanajificha kwenye mikunjo ya nailoni, kateni kwanza vipande vikubwa ndo mkaushe, chini ya paa linalopitisha hewa. Unataka kujua kama imekauka? Weka konzi mbili kwenye chupa ya kioo, funga kizibo, weka juani. Kioo kikitoa ukungu kwa ndani bado.

Kukata iwe milimita 2 hadi 4. Mashine za kusagia plastiki zipo na mafundi wa kuchomelea wanaweza kutengeneza, ulizeni SIDO, shirika la viwanda vidogo. Lakini jueni kitu kimoja, mashine nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya madumu magumu, ukiweka nailoni laini inajizungushia kwenye shafti na mashine inasimama. Visu viwe vikali na nafasi kati ya kisu na kisu iwe ndogo sana, na changanyeni nailoni na madumu yaliyokatwa, inapita vizuri zaidi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuuliza mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, kwa ajili ya mashine.

Pitisha kwenye chekecheo. Vipande virefu kama nyuzi virudi kwenye mashine, maana hivyo ndo vinavyofanya madonge planti. Hifadhi kwenye viroba vikavu, vilivyopimwa kilo, vimeandikwa tarehe na aina.

Hatua ya 6: maabara kabla ya planti

Hapa usipite haraka. Mpelekee mtu wa maabara kokoto ileile utakayotumia, lami ileile, plastiki ileile. Atengeneze sampuli za Marshall (vipande vya duara vya lami vinavyobanwa kupima nguvu) bila plastiki, kisha zenye asilimia 4, 6 na 8, aangalie nguvu, mnyumbuko, na hewa iliyobaki ambayo tunataka iwe asilimia 3 hadi 5. Kuna kipimo kingine cha kulinganisha sampuli iliyoloweshwa na kavu zinapovunjwa, ile iliyoloweshwa ibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu ya kavu. Kwa mimi hicho ndo kipimo cha kusikiliza zaidi, kwasababu ndo kinaongelea maji. Kama sampuli yenye plastiki haikuizidi ile isiyo na plastiki kwenye kipimo hiki, simama, huna sababu ya kuendelea.

Na hata kabla ya maabara kuna kipimo cha sufuria ambacho kikundi chochote kinaweza kukishuhudia. Mnachukua kokoto mlizozivika plastiki na lami, na nyingine zenye lami tupu, zote zimepoa kidogo. Sufuria mbili za maji yanayochemka. Unamimina, unaacha zichemke dakika 10, unaepua, unamwaga maji, unazianika kwenye karatasi nyeupe. Sasa angalia. Ile granaiti yenye lami tupu utaanza kuona vidoa, kingo za jiwe zimetoka nje, nyeupe au za waridi, sehemu nyingine lami imejikunja kama imekimbia. Zile zenye plastiki zibaki nyeusi, asilimia 95 ya uso wake au zaidi. Wekeni pamoja mezani diwani na mwenyekiti wa mtaa waone kwa macho, hotuba ndefu haitahitajika.

Hatua ya 7: planti

Kama planti ni ile inayopima na kuchanganya mkupuo kwa mkupuo ni rahisi. Kokoto ipashwe nyuzi 165 mpaka 170, iingie kwenye mikisa, plastiki iliyopimwa imwagwe, izungushwe sekunde 30 mpaka 45 peke yake na kokoto, hapo iangalie, kokoto zinatakiwa zing'ae kama zimelowa mafuta, usione vipande vya rangi. Ndo lami iingie ikiwa na nyuzi 160 hivi. Kama mkupuo ni kilo 1,000 wenye lami asilimia 5, plastiki kwa asilimia 6 ni kilo 3. Pakieni mifuko ya kilo 3 mapema, mtu mmoja anatupa mfuko mmoja kwa kila mkupuo, hakuna kukadiria kwa beleshi. Na lami ipunguzwe kwa kiasi hichohicho kama mlivyokubaliana na maabara.

Kama ni planti ya drumu inayozunguka moja kwa moja, plastiki isiingie upande wa bana, yaani kichoma moto cha planti, hata kidogo, itaungua. Iingizwe katikati au mwisho, baada ya moto na kabla ya lami, kwa bomba la kupuliza lenye kipimo. Planti isiyo na sehemu hiyo tafuta nyingine.

Joto lisipite nyuzi 180. Juu ya hapo lami yenyewe inazeeka kabla haijafika barabarani na plastiki inaanza kutoa harufu na moshi. Kipimajoto kile cha bunduki kinasoma juu tu, tumia na cha kuchomeka ndani. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, zima, toa watu, rudi kwenye magunia ukatafute PVC imeingilia wapi.

Wakati wote pumzi za wafanyakazi ziheshimiwe, barakoa za gesi sio kitambaa, na planti iwe wazi kwa upepo.

Hatua ya 8: kumwaga na kushindilia

Praimu (lami nyepesi inayomwagwa juu ya besi) ikauke, takikoti (lami nyembamba ya kugundishia) iwekwe, kama kawaida. Tipa zifunikwe turubai. Tofauti iko kwenye muda. Mchanganyiko wenye plastiki ukishuka kuelekea nyuzi 110 ile plastiki inaanza kuganda tena na rola haitapata kitu. Kwahiyo peva, mashine ya kutandaza lami, imwage ikiwa 140 na zaidi, rola ya chuma iingie nyuma yake palepale, rola ya matairi ifuate, na kazi ya kushindilia iwe imeisha kabla ya 110. Peva ikisubiri tipa nusu saa umeshapoteza. Hakikisha tipa zinazotosha ziko njiani ndo uanze.

Hewa iliyobaki barabarani isizidi asilimia 8, kuanzia hapo vitundu vinaungana na maji yanapata njia. Toboa sampuli za duara kesho yake upime. Lami ikiwa na plastiki nzuri lakini haijashindiliwa, maji yatapita tu.

Mwageni kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Kwenye maeneo ya mvua mbili chagueni katikati ya misimu, na wingu likitanda acheni.

Muhimu sana, mita 50 au 100 zinazofuata mwage lami ya kawaida, kokoto ileile, siku ileile, rola ileile. Bila hiyo hutakuwa na cha kulinganishia.

Hatua ya 9: kufuatilia

Kuna swali la vipande vidogovidogo vya plastiki kusagika na tairi na kwenda na maji mpaka kwenye mabwawa, na ni swali halali, tusilifunike. Ndo maana barabara zenye lami za tabaka mbili mi napendelea plastiki iwe tabaka la chini, juu iwe ya kawaida. Kwenye tabaka moja, chekecheni tope la mtaroni baada ya mvua za kwanza, chotea palepale kila mara, wekeni kwenye chupa yenye tarehe, mpelekeeni mtu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwenye hadubini aangalie.

Pimeni kabla ya mvua na baada ya mvua, kila mwaka. Rula ya mita 3 ilazwe kukatiza njia ya matairi, pimeni shimo lililo chini yake kwa milimita. Picha kutoka sehemu ileile, wekeni alama ya rangi kwenye jiwe la pembeni ili asiyekuwepo mwaka huu mwakani ajue pa kusimama. Hesabuni nyufa na kokoto zilizong'oka upande wa plastiki na upande wa kawaida, andikeni hata kama upande wa plastiki ndo umeharibika. Daftari moja likae TARURA, nakala ofisi ya kata, nakala kwa kikundi kilichochambua plastiki.